Kobe Aliyekuja Dirishani kwa Mama

Mwezi uliopita nilikwenda kupima madirisha ya mteja wangu mmoja wa mapazia, nyumba kubwa, bustani mpaka ukutani. Nimepanda stuli, futi mkononi, harufu ya majani mabichi yaliyokatwa ikaniingia puani kabla sijaona kitu. Nikachungulia nje. Chini ya dirisha kuna kidude cheusi kinatembea polepole juu ya majani, peke yake, hakuna mtu. "Usiogope, da' Rehema, ni roboti tu, inajikatia yenyewe," mwenye nyumba akaniambia huku anacheka. Mie nikashuka kwenye stuli, nikamwambia madirisha yaliyobaki nitakuja kuyapima kesho. Kesho yake nilimtuma msaidizi wangu, na yule mama mpaka leo anadhani sukari ilinishuka.

Ningemwambia nini? Kwamba kidude kama kile tulikuwa nacho nyumbani nikiwa na miaka tisa, enzi ambazo hata televisheni mtaani tulikuwa tunachungulia dirishani kwa watu? Angeniona muongo. Nyie wa rika langu mtaniamini, kwa sababu miaka ile milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa ghafla na kila takataka ya dunia ilikuwa inaingia bandarini, na hakuna aliyekuwa anauliza ni ya kazi gani.

Sie tulikuwa tunakaa Segerea. Nyumba zilikuwa za kuhesabu, katikati mihogo na mikorosho. Shuleni ukisema unakaa Segerea wanakuuliza, "Kafungwa nani kwenu?" kwa sababu ya gereza. Baba yangu alikuwa mtunza kiwanja cha mpira cha shirika moja la umma. Kazi yake ilikuwa majani tu: kuyapanda, kuyamwagilia, kuyakata, kuyachora chokaa. Shirika lilipouzwa, wenye mali wapya hawakuwa na haja na mpira. Wenzake waliondoka na viti na feni. Baba aliondoka na ukoka. Aliung'oa kwa mikono yake, akaujaza kwenye magunia sita, akaupanda mbele ya nyumba yetu, upande linakochomoza jua. Majirani walimsikitikia. Uwanja wote ule, mtu badala ya kupanda mchicha anapanda majani ya kukanyaga!

Haukupita muda akaanza kukosa pumzi. Hospitali wakasema moyo wake umekua kupita kiasi. Mie nilifurahi, maana kwa akili yangu kitu kikikua ndiyo kinapata nguvu. Daktari akamkataza fyekeo. Mama akajaribu kukata yeye, lakini Baba alikuwa akikaa barazani anaangalia vipara anavyoacha Mama, anaumia kuliko hata huo moyo. Ndipo mjomba, kaka yake Mama aliyekuwa baharia, alipotuletea boksi kutoka Ulaya. Alisema kapewa na mzee mmoja huko aliyehamia ghorofani, asiye na majani tena ya kukata.

Lilikuwa dude la duara, pana kama sinia la pilau, mgongoni lina vioo vyeusi vya kunyonya jua, tumboni lina sahani yenye visu vitatu vyembamba kama nyembe. Halina mpini, halitiwi mafuta. Jua likilipiga linaamka, linatembea. Kivuli kikilifunika linalala. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama mtu anayenong'ona huku anatafuna. Watoto wa jirani wakaliita Kobe, na jina likaganda.

Ili Kobe asitoke akaenda kula mihogo ya watu, ilibidi waya uzikwe ardhini kuzunguka majani yote. Waya ule ulitoka kwenye kiboksi kidogo kilichopigiliwa ukutani, kinachokula betri ya gari, ukazunguka uwanja mzima, ukarudi kwenye kiboksi kilekile. Kobe akiukaribia alikuwa anausikia huko chini, anasita, anageuka. Hakuwa ameungwa nao popote. Baba hakuweza kuinama, kwa hiyo alikaa kwenye kiti barazani anaelekeza. Mama akachimba mfereji kwa jembe. Mie nilishika rola la waya, namwachia kidogo kidogo.

"Kina cha kidole tu, mama Rehema. Siyo kisima hicho."

"Na wewe baba Rehema nyamaza upumue. Domo tu ndiyo halijaugua."

Tulikuwa tunacheka. Nataka hilo lijulikane, kwamba siku mbili zile tulicheka sana. Akapita jirani, akasimama njiani, akamwona mwanamke anachimba kuzunguka nyumba anafukia kitu, mume kakaa kitini hana nguvu. "Jirani, mnazindika?" akauliza. Kwetu mtu akizindika nyumba anazika dawa kuizunguka, mabaya yasiingie. Mama naye kwa utani wake akajibu, "Tunazindika majani, jirani!" Yule akacheka, akaenda zake.

Kumtunza Kobe ikawa kazi yangu mie na Baba. Kila asubuhi nilimfuta vioo kwa kitambaa chenye unyevu, maana vumbi la Segerea likikaa siku mbili alikuwa anatembea kama mlevi. Ijumaa tunampindua, tunamkwangua majani yaliyoganda kwa kijiti, kamwe siyo kwa kidole. Visu vya mjomba vilipoisha makali, Baba alichonga vingine kwa vipande vya msumeno wa chuma. Na sharti la kwanza lilikuwa hili: kabla ya kumshika, mfunike. Nilikuwa namtupia kanga kuukuu, naye anashusha pumzi ndogo, kimya. Nafunua, anaanza tena kunong'ona. Nilikuwa nafunika na kufunua, nafunika na kufunua, mpaka Baba anasema, "Rehema, mwache apumue bwana."

Siku aliyokufa Baba ilikuwa mchana, jua la utosi. Yeye yuko kitini barazani, mie nimechuchumaa kwenye majani namfuata Kobe. Likapita wingu. Kobe akasimama katikati ya uwanja. Nikageuka nimwambie Baba kwamba kasimama, nikaona kichwa chake kimeinamia kifuani, mkono umening'inia nje ya kiti. Nikamwita mara mbili. Wingu likaondoka. Nyuma yangu nikasikia ule mnong'ono unaanza, nikageuka, Kobe anatembea kuja kwangu. Alikuja mpaka kwenye miguu yangu, akanigusa, akageuka. Nilikuwa na miaka tisa, jamani. Nilichokielewa hapo hakuna mtu angeweza kukitoa kichwani mwangu.

Siku za matanga wanaume walimbeba Kobe wakamtia stoo, gizani, ili watandike mikeka juu ya majani. Nilikuwa naenda kusikiliza mlangoni. Kimya kabisa. Watu walipotawanyika nikamtoa mwenyewe, nikamweka juani, nikamfuta vioo kwa upindo wa gauni. Kwanza hakufanya kitu. Halafu akatikisika, akaanza kunong'ona, akaondoka zake kama vile hakuna kilichotokea. Nikakaa chini nikalia kwa furaha, na mtu yeyote aliyeniona alidhani nalia msiba.

Mama alikuwa ameanza eda. Kwa asiyejua, mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume anakaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki ila kwa dharura, hachanganyiki na wanaume. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, alikuja kutoka Kimbiji kukaa naye. Mie nikamuuliza Shangazi eda ni ya nini. Akanijibu, "Mama yako anamkalia baba yako." Nikaelewa kwamba anamsubiri. Nikajua zikiisha zile siku, Baba atarudi mwenyewe kabisa, na kwa sasa ameanza kwa njia ya Kobe.

Na Kobe alinipa kila sababu ya kuamini. Asubuhi jua likichomoza tu anaamka, hajaguswa na mtu, anazunguka kutwa nzima. Alasiri jua likihamia nyuma ya nyumba, kivuli cha paa kinaanza kulala juu ya majani, chini ya dirisha la chumba cha Mama. Uwanja ulikuwa unainama kidogo kuelekea nyumba. Kobe akiteremka akaingia kwenye kivuli kile hakuwa na nguvu ya kutoka tena. Leo naelewa. Wakati ule nilichoona ni kwamba, takriban kila siku, kwenye saa kumi, anakuja dirishani kwa Mama, anasimama hapo, analala hapo mpaka asubuhi.

Mama alikuwa anakaa nyuma ya pazia muda huohuo. Siku moja nimejibanza ubavuni mwa nyumba nikamsikia anazungumza kwa sauti ya chini. "Umefika? Leo umechelewa." Kimya. "Mtoto hali vizuri, baba Rehema. Na dada yako ananiangalia vibaya, sijui nimemkosea nini." Kimya tena, kirefu, kama anasikiliza. Halafu akasema, "Haya, pumzika." Sikuogopa. Nikajisemea, kumbe na Mama anajua.

Shangazi alikuwa mtu mzuri, nisimsingizie. Alimlea Baba tangu ananyonya, mama yao alipokufa. Usiku alikuwa anashindwa kula, mchana anafua nguo za marehemu zilizo safi tayari. Siku moja nikamkuta jikoni ameshika shati la Baba, analia kimyakimya, mabega yanapanda na kushuka. Niliumia. Mie nina siri ambayo ingemtuliza, halafu nimnyime?

"Shangazi, usilie. Baba hajaenda popote."

"Yuko peponi, mwanangu. Inshallah."

"Hapana. Yumo ndani ya Kobe. Aliingia siku ileile, mie nilimwona."

Akaacha kulia. "Nani kakwambia maneno hayo?"

"Hakuna. Lakini hata Mama anajua. Kila siku akija dirishani wanazungumza. Anamwita baba Rehema."

Nilidhani atanikumbatia. Alilikunja lile shati polepole sana, akaliweka juu ya ndoo, akatoka uani bila viatu. Alasiri ile alisimama ukumbini nyuma ya mlango wa Mama, na Mama hakujua. Alisikia mwenyewe. Kesho yake alfajiri akaondoka kwenda Kimbiji, na Mama akashangaa mbona hakuaga.

Alirudi na baba mkubwa, kaka yao wa kwanza, pamoja na wanaume wawili wa ukoo. Ilikuwa kama saa nne, jua kali, na Kobe yuko kazini. Nikawapa shikamoo, baba mkubwa akaitikia bila kuniangalia. Macho yake yalikuwa kwa Kobe. Alimfuata hatua kwa hatua mpaka ukingoni mwa majani, akamwona anafika mahali pasipo na kitu, anasita, anageuka. Akamfuata upande wa pili, vilevile.

"Kaona nini pale?" akauliza.

"Waya," nikasema. "Umezikwa."

Wakaenda kuchukua jembe. Waya ulitoka kirahisi, kina cha kidole tu, wakauvuta kuzunguka uwanja mzima mpaka ukarudi kwenye kile kiboksi ukutani. Mama akapaza sauti nyuma ya pazia, "Shemeji, huo ni waya wa mashine! Mwulizeni kaka yangu, ndiye aliyeuleta." Kaka yake alikuwa baharini, na ingechukua miezi kurudi. Baba mkubwa akasema, bila kumjibu Mama, akiwaambia wenzake, "Waya wa umeme unakwenda kwenye taa, unakwenda kwenye redio. Huu unatoka ukutani, unaizunguka nyumba ya mdogo wangu, unarudi ulikotoka. Na hiyo mashine haijafungwa nao. Sasa niambieni ni waya wa nini." Majirani walikuwa wameshaanza kusogea, na yule wa "mnazindika" alikuwemo, na alisema alichokisikia. Mie sikumlaumu, maana ndivyo Mama alivyosema.

Baba mkubwa akachuchumaa akanishika mabega. "Rehema, mwanangu, usiogope. Nani aliuzika huu?"

"Mama."

"Baba yako alikuwa wapi?"

"Kwenye kiti. Alikuwa hawezi kusimama."

Kila neno kweli tupu. Nimeshayapindua maneno yale miaka yote hii natafuta ningesemaje vingine, na sijapata. Pengine ningesema kwamba tulikuwa tunacheka. Lakini hakuuliza.

Ndipo mlango wa mbele ukafunguka, Mama akatoka. Watu wote waliguna. Mwanamke wa eda, siku ya sitini na ngapi, anatoka mbele ya wanaume, kichwa kimefunikwa kwa kanga, miguu mitupu, mkononi bisibisi ya Baba. Alikuwa amekonda kiasi kwamba sikumtambua mara moja juani. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Kobe aliyekuwa amesimama tangu waya ulipong'olewa, akamnyanyua, akampindua, tumbo juu, visu vinang'aa.

"Mnamtafuta ndugu yenu?" akasema. "Haya. Njooni tumtafute."

Akapiga magoti, akaanza kufungua skrubu. Bisibisi ikawa inateleza, anairudisha. Skrubu ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka. Hajamfunika. Hilo ndilo nililoliona mie: hajamfunika, anamfungua yuko macho. Ya tatu ilipotoka na kile kifuniko kikaachia, sauti ikanitoka ambayo mpaka leo siijui ilitoka wapi.

"Mama usimuue! Mama unamuua Baba!"

Nikamrukia. Nikamng'ang'ania mkono, nikamuuma. Nikamwona Shangazi amejishika mdomo kwa mikono miwili, na baba mkubwa anawageukia watu polepole, kama mtu anayewaambia mmesikia wenyewe.

Mama aliniangalia. Kisha akaangalia ndani ya lile dude, muda mrefu. Nami nikaangalia. Kulikuwa na waya nyembamba za rangi rangi, vumbi, na majani makavu yaliyosagika. Akakirudishia kifuniko bila skrubu, akaiweka bisibisi chini, akanibeba, mtoto mkubwa wa miaka tisa, akaniingiza ndani.

Alimaliza eda yake mpaka siku ya mwisho, na siku iliyofuata tukahama na vyombo vyetu kwenye mkokoteni, kwenda chumba kimoja cha kupanga Mtoni kwa Azizi Ali. Nyumba akabaki nayo baba mkubwa. Ukoka waling'oa wakapanda mihogo, na Kobe nasikia walimtumbukiza kwenye shimo la choo cha zamani wakamfukia kwa mawe. Mjomba aliporudi alikuja juu, akataka twende kwa kadhi, akasema fungu la mke lipo na fungu la mtoto lipo, tena kubwa. Mama akamwambia, "Nikasemeje, kaka? Nikisema sikumuua mume wangu, watamleta mtoto awe shahidi." Hakwenda. Na hakuwahi kunigombeza, hata siku moja, hata siku alizokuwa amechoka na kuuza maandazi mvuani.

Nilimwomba radhi nikiwa mtu mzima, nimeshaolewa, nina wawili. Tulikuwa tunachambua mchele kwangu, Jumapili, watoto wamelala. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka mingi, nikamwaga yote: jikoni kwa Shangazi, maswali ya baba mkubwa, ile kelele. Nikamwambia, nilikufukuzisha nyumbani kwako, Mama, kwa ujinga wa kitoto. Wewe unawafungulia waone kwamba hamna kitu, mie naharibu.

Mama aliendelea kupepeta kwa ungo, tena na tena, hata mchele ulipokuwa umeshakuwa safi.

"Wale ningewaonyesha nini?" akasema. "Wale walishaamua tangu Kimbiji. Mie nilitaka kujua mwenyewe, Rehema. Miezi miwili anakuja dirishani, nazungumza naye, namweleza kila kitu. Nilifungua niangalie kama yumo."

Nikamuuliza, na ulipoona hayumo?

Akauweka ungo chini. "Ndiyo siku niliyofiwa," akasema.